Kwenye karatasi wapo 6, usiku mlangoni yupo 1: watumishi wa zahanati zetu tunawahesabuje?

Mzee wa Ikama (mleta mada):

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za saa hizi.

Nimekuwa katibu wa afya katika halmashauri mbili za huku Magharibi mwa Tanzania kwa miaka 22, na sasa nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa karatasi: ikama (yaani idadi ya watumishi kila kituo kinaopaswa kuwa nao), bajeti ya mishahara, barua za uhamisho, likizo, kupanda madaraja. Kuna jambo nililiona kwa muda mrefu na sikulisemea vya kutosha nikiwa bado na meza na mhuri. Nalileta hapa kwa sababu najua humu wamo wauguzi, matabibu, wajumbe wa kamati za vituo na wazazi.

Ipo zahanati moja, jina silitaji, zaidi ya kilomita 60 kutoka makao makuu ya wilaya. Barabara ni ya vumbi kiangazi, na masika gari linalala njiani. Kwenye taarifa zangu za robo mwaka ilikuwa na watumishi 6. Siku moja nilipanda gari la chanjo kupeleka barua huko, sikwenda kukagua mtu. Nikamkuta muuguzi peke yake, foleni imefika kwenye mwembe. Nikasubiri mpaka saa nane mchana alipopata nafasi ya kunywa maji, nikamuuliza wenzake wako wapi.

Akanihesabia. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, yuko wilayani, amefuata dawa na kupeleka taarifa za MTUHA, zile takwimu za huduma na wagonjwa. Afisa tabibu wa pili yuko masomoni, mwaka wa pili huo. Muuguzi mwenzake yuko likizo ya uzazi. Mteknolojia wa maabara ameazimwa na kituo cha afya cha tarafa. Mhudumu wa afya anamuuguza mama yake hospitali ya mkoa.

Hakuna mtoro hata mmoja hapo. Kila mtu ana ruhusa. Huyo wa maabara aliazimwa kwa barua iliyotoka ofisini kwetu, nakala ninayo kwenye faili langu mwenyewe. Taarifa yangu ya watu 6 ilikuwa ya kweli kabisa kwa maana ya mishahara. Lakini kijiji kile, pamoja na vitongoji vyake vyote, kilikuwa na mtu mmoja, mchana na usiku, na ilikuwa wiki ya tatu.

Niliporudi nikakaa na kalamu. Tuhesabu wote.

Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili, zinabaki 261. Likizo ya mwaka ni siku 28, humo siku za kazi ni 20, tumebaki na 241. Toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, tuseme 12. Toa siku 10 za semina na safari za wilayani. Toa siku 9 za kuumwa, kuuguza na misiba, na hapo nimebana. Tunabaki na siku 210. Zidisha kwa saa 8, mtumishi mmoja anayefanya kazi kwa haki anatoa saa 1,680 kwa mwaka.

Sasa mlango wa zahanati. Uzazi hauna ratiba, kwa hiyo mlango unahitaji mtu siku 365 kwa saa 24, yaani saa 8,760. Gawanya kwa 1,680. Unapata watano na ushee.

Watu watano na zaidi ili kiti kimoja kisibaki wazi! Huyo ni mtu mmoja tu wa zamu, hujaweka wa pili wa kumsaidia, hujaweka maabara, hujaweka kliniki ya wajawazito. Ndiyo maana ikama ya mwaka 2014 hadi 2019 ilitaka zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache na 20 ikikamilika, na kituo cha afya 39 hadi 52. Walioiandika hawakuwa wakiota. Walihesabu. Ni sisi huku chini tulioona 6 ni bahati.

Hoja yangu ni hii. Mkoa unapouliza "mna watumishi wangapi", mifumo yetu inajibu majina yenye cheki namba, yaani namba ya mshahara wa serikali. Haijibu zamu ngapi mwezi huu zilikosa mtu. Na mtumishi mmoja ana milango minne: Wizara ya Afya inaweka sera na viwango, TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali za mitaa, ndiyo yenye kituo, Utumishi wanatoa kibali cha ajira, Hazina wanalipa. Kila mlango una daftari lake. Akihama, akienda shule, akiazimwa, akifariki, madaftari hayo hayabadiliki siku moja. Nimewahi kuona jina la marehemu kwenye orodha ya watu wa kupandishwa daraja, na mjane wake ndiye aliyeletewa habari.

Na tumejenga sana. MMAM, ule mpango wa maendeleo ya afya ya msingi wa 2007 hadi 2017, ilisema kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya, na baada ya hapo majengo yameendelea kupanda. Nilifurahi kila lilipoezekwa jengo. Lakini kila jengo jipya lilichukua watu wake kutoka jengo la zamani, kwa sababu hapakuwa na kwingine pa kuwatoa. Ukifungua kituo cha afya kwa kuazima muuguzi mmoja mmoja kutoka zahanati tano, umefungua mlango mmoja na kufunga mitano usiku.

Naomba tujadiliane. Kwenu hali ikoje? Nani anahesabu zamu?

MkungaWaUsiku:

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa, mikono inatetemeka naandika.

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa tisa kazini, zahanati ya kijijini. Nieleze usiku mmoja tu.

Ilikuwa Aprili, mvua. Saa saba usiku nina mama amejifungua salama, uzao wa sita. Mtoto analia vizuri, kondo limetoka. Nikamchoma oksitosini, sindano ya kuzuia damu kutoka, kama kawaida. Dakika chache nikaona kitambaa kinalowa. Nikapapasa tumbo, mji wa mimba umelegea kama unga uliozidi maji. Mkunga yeyote humu anajua moyo unavyoruka hapo. Nikaanza kusugua tumbo, nimefungua dripu, natafuta kibofu kama kimejaa.

Wakati huohuo mlango unagongwa. Baba ana mtoto wa miaka mitatu begani, anadegedeka. Malaria.

Nina mikono miwili. Nimwache mama anayevuja damu, au mtoto anayedegedeka afie kwenye benchi? Nikamwita dada wa usafi aliyekuwa amelala chumba cha pili kwa sababu ya mvua. Nikamshika mkono, nikauweka juu ya tumbo la yule mama, nikamwambia "sugua hivi, usiache hata nikichelewa, ukiona linakuwa laini piga kelele." Nikaenda kwa mtoto, nikamlaza ubavu, nikapima sukari, nikatayarisha sindano. Baba ndiye aliyeshika tochi. Nikarudi kwa mama. Nikapiga 115, gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, likatoka, lakini kwa mvua ile lilifika alfajiri.

Wote wawili walipona. Namshukuru Mungu na namshukuru yule dada wa usafi, ambaye kwenye ikama hayumo kabisa, analipwa na kamati ya kituo kwa mwezi hela ya kununua sabuni na sukari.

Asubuhi saa moja na nusu nikafungua kliniki ya watoto. Zamu ya asubuhi nilikuwa mimi.

Kwenye taarifa ya mwezi ule iliandikwa: waliojifungua kituoni 14, vifo 0. Ikasomwa kikaoni, tukapongezwa. Hakuna safu iliyouliza usiku ule mlikuwa wangapi.

Kinara wa Kata:

Mleta mada heshima kwako, dada mkunga Mungu akuzidishie. Lakini nitasema upande wa sisi raia.

Kwetu tuna zahanati, watumishi wanne, na mara tatu nimekuta kufuli saa tano asubuhi. Si masomo, si likizo. Mmoja ana duka mjini, kila mtu anajua. Mke wangu alipelekwa na bodaboda kituo cha mbali akiwa na uchungu. Mimi nasema tatizo la kwanza ni nidhamu. Wekeni mashine za alama za vidole kila kituo, asiyegusa asilipwe. Mkishajua nani yupo kweli ndipo muombe ajira mpya.

Mzee wa Ikama:

Marahaba binti yangu mkunga. Usiku wako huo nitauchapa niupeleke mahali.

Ndugu Kinara, pole kwa yaliyompata shemeji. Kufuli saa tano asubuhi ni dhuluma na sitaitetea. Mtumishi wa namna hiyo anachafua kazi ya watu kama MkungaWaUsiku. Mashine ya vidole pale umeme unapokuwepo iwekwe, sipingi.

Ila tukumbuke uhakiki tumewahi kuufanya, tena mkubwa. Mwaka 2016 ajira na upandishaji wa madaraja vilisimamishwa ili watumishi wahakikiwe. Watumishi hewa walioondolewa walipita 19,000. Aprili 2017 pale Dodoma Rais Magufuli akakabidhiwa orodha ya wenye vyeti vya kughushi, 9,932. Kusafisha kulikuwa haki, kwa sababu mtu mwenye cheti cha uongo kwenye chumba cha sindano ni hatari. Lakini mimi nilikuwepo wilayani siku majina yaliposomwa. Zahanati zilizobakiwa na mtu mmoja zilikuwepo, na nafasi hazikujazwa kesho yake. Wakaondolewa pia wahudumu wa darasa la saba walioajiriwa zamani kwa sifa za wakati ule. 2018 serikali ikawarudisha walioajiriwa kabla ya Mei 2004, na ilikuwa sawa kabisa kuwarudisha. Katikati hapo vyumba vya kujifungulia vilipoteza mikono iliyozoea.

Mashine ya vidole inakuambia aliyepangwa amefika au hakufika. Haikuambii kama usiku wa leo kuna aliyepangwa. Kwa mkunga hapo juu mashine ingeonyesha mahudhurio asilimia mia. Ukihesabu zamu unawapata wote wawili, mwenye duka mjini na aliyelemewa, kwa daftari lilelile.

Tabibu Bila Cheki:

Wakuu naomba na mimi niseme, maana mimi ndiye hiyo zamu ya usiku inayotafutwa.

Nina diploma ya utabibu, leseni ninayo, naihuisha kwa hela ya mama yangu anayeuza dagaa. Nimeomba kwenye mfumo wa ajira kila zinapotoka. Kwa sasa najitolea kituo cha afya, mwaka wa tatu huu. Wiki hii nimeshika zamu nne za usiku. Nashona, nafanya usafi wa vidonda, naandika rufaa. Ukifungua kitabu cha MTUHA cha wagonjwa wa nje, kurasa nzima ni mwandiko wangu. Ukifungua ikama, simo. Kituo kinanipa nauli pale mapato ya ndani yanapokuwa mazuri.

Kwa hiyo mkoa unasema una upungufu, na mimi nipo hapahapa ndani ya mkoa, nafanya kazi, sina ajira. Darasani kwetu tuliomaliza pamoja, mmoja anaendesha bodaboda Mbeya, mmoja yuko duka la dawa muhimu, wawili wamejitolea wakachoka. Sijui ni kwa nini watu wanasema madaktari na manesi "hawapo". Tupo. Kibali cha kutuajiri ndicho hakipo, na kibali kinatoka kwenye bajeti ya mishahara.

Halafu jambo ambalo sijaona limesemwa. Kitengo chetu cha CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kilikuwa na washauri nasaha wawili na mtunza takwimu waliolipwa na mradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, waliambiwa wakae nyumbani. Wagonjwa wa dawa za kufubaza waliendelea kuja tarehe zao. Siku ile kwenye mfumo wa watumishi wa halmashauri hapakupungua hata mtu mmoja, kwa sababu hawakuwahi kuwemo. Watatu wameondoka chumba kimoja na karatasi haikutikisika.

Mwana wa Kilifi:

Salaam kutoka Pwani ya Kenya, nimesoma uzi huu wote kimya kimya mpaka nimeshindwa kupita bila kuandika.

Sisi huku mambo ya afya yalishushwa kwa kaunti mwaka 2013. Uzuri wake upo: gavana tunamjua, ofisi iko karibu, ukilalamika unajua pa kwenda. Lakini kwa wafanyikazi wa afya tulipata mikorogo. Kila kaunti ina bodi yake ya utumishi na mishahara yake. Muuguzi akiolewa kaunti jirani, kuhama kwake ni kama kuhama nchi. Wengi huamua kuacha kazi na kuomba upya. Ukitaka kujua Kenya nzima ina wauguzi wangapi na wako wapi, inabidi uulize kaunti 47.

Mgomo wa madaktari ulianza Desemba 2016 ukaenda siku 100, hadi Machi 2017. Kisha wauguzi nao wakagoma miezi mitano mwaka uohuo. Ndugu zetu wa Tanzania mlitaka kutuletea madaktari 500 mwezi ule wa Machi, korti ikasimamisha, na Rais Magufuli akawaajiri huko kwenu wale 258 waliokuwa wameomba kuja. Nakumbuka nikiwaza: kumbe hao 258 walikuwepo siku zote wakisubiri, na iliwezekana kuwaajiri kwa wiki chache tu.

Tabibu Bila Cheki, nakuombea hiyo siku ikufikie.

Jambo jema kidogo: tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii kama laki moja wamepewa mikoba na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya kaunti nusu ya serikali kuu. Posho huchelewa mahali pengine, hilo tusifiche. Lakini mama jirani yangu anapima presha nyumba kwa nyumba, na anaandika kwa simu. Leo ukitaka kujua kijiji chetu kina mhudumu au hakina, unaona.

MkungaWaUsiku:

Kaka wa Kilifi asante. Na sisi programu ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii ilizinduliwa Januari 2024, lengo ni zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Wale wawili tulionao kitongoji cha mbali wananisaidia sana. Wananiletea wajawazito mapema, kabla mvua haijakata njia. Ila naomba isije ikaonekana kwamba wakiwepo wao basi muuguzi si lazima. Akiniletea mama mwenye dalili za hatari na mimi sipo, amemtoa nyumbani bure.

Tabibu, mdogo wangu, pole. Kituo chetu tuliwahi kuwa na binti wa kujitolea. Alipoondoka nililia kuliko alipoondoka mtumishi wa serikali.

Nesi wa Leeds:

Habari zenu. Mimi naandika kutoka Uingereza, nafanya kazi ya uuguzi huku, wodi ya wazee. Nilifanya miaka sita mkoa wa kusini kabla sijaondoka.

Kuhusu kufuatilia watumishi, nitoe mfano wangu mwenyewe. Leseni yangu ya Tanzania bado ni hai, naihuisha kwa sababu nina nia ya kurudi. Maana yake kwenye rejesta ya baraza nahesabika muuguzi wa Tanzania mwenye leseni. Anayechukua idadi ya rejesta akaigawa kwa idadi ya watu ili apate wastani wa wauguzi kwa kila watu elfu, ananihesabu mimi nikiwa nageuza mgonjwa kitandani Leeds. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilisema nchi ikishuka chini ya watumishi 2.28 kwa kila watu 1,000, madaktari, wauguzi na wakunga kwa pamoja, iko kwenye hali mbaya, na nchi 57 zilikuwa hapo. Mwaka 2016 wakaweka 4.45 kuwa kipimo cha malengo ya maendeleo endelevu. Namba hizo ni nzuri kama waliohesabiwa wapo.

Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo Shirika hilo limesema zilindwe, na Uingereza nayo inakataza mawakala kwenda kuwavuna wauguzi katika nchi hizo. Mtu akiomba mwenyewe hakatazwi, na mimi niliomba mwenyewe. Sikuondoka kwa sababu ya mshahara peke yake. Niliondoka baada ya miaka minne bila daraja wakati wenzangu wa mwaka mmoja wamepanda mara mbili. Barua zangu zilipotea kati ya kituo na wilaya, nikazituma tena, zikapotea tena. Nyumba niliyolala ilivuja juu ya kitanda cha mwanangu. Anayetaka kujua kwa nini watu wanaondoka aanzie kwenye faili la madaraja na kwenye bati la nyumba.

Mzee wa Ikama:

Binti wa Leeds, umelisema la msingi na umenifungulia sehemu ya pili.

Kuhesabu peke yake hakuleti mtu. Mimi nimewapokea waajiriwa wapya kwa makundi, vijana wazuri, wamevaa vizuri, barua mkononi. Nimewapeleka vituoni na gari la ofisi. Nitawaambia niliyoyaona kwa macho: anayebaki ni yule aliyepata nyumba wiki ya kwanza na posho ya kujikimu mwezi wa kwanza. Anayelala kwa mwenyekiti wa kijiji miezi mitatu, akikopa mchele dukani, huyo usimhesabu, anatafuta wa kubadilishana naye kituo tangu wiki ya pili. Taasisi ya Mkapa iliwahi kujenga mamia ya nyumba za watumishi wilaya za pembezoni, na kwa wilaya yetu tofauti ilionekana bila kuhitaji mtafiti. Vituo vyenye nyumba vilikaa na watu. Kama ningepewa leo fedha za jengo moja la utawala na nichague, ningejenga nyumba mbili za watumishi na choo, tangi la maji na sola.

La pili ni daraja. Kumcheleweshea mtu daraja ni kumkata mshahara kila mwezi bila kumwambia. Na mara nyingi chanzo ni faili: tarehe ya ajira imekosewa, cheti hakikuambatishwa, kituo alichohama hakijafungua jina lake. Sasa kuna mfumo wa mtumishi kujiona mwenyewe kwenye simu. Wadogo zangu, ingieni, kagueni tarehe zenu, kagueni jina la kituo. Msisubiri katibu wa afya. Mimi nilikuwa mmoja kwa watumishi zaidi ya 400.

Tabibu Bila Cheki, kwa wewe nina la kusema kwa mganga mfawidhi wako. Tangu 2017/18 fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kituo cha afya chenye mapato kinaweza kuweka kwenye mpango wake mkataba wa mtu mmoja au wawili, kamati ikapitisha, halmashauri ikaridhia. Si wote wanaweza. Lakini wengi hawajawahi hata kuuliza. Kumtumia kijana miaka mitatu kwa nauli si uzalendo, ni kumnyonya.

Sasa daftari la zamu. Sihitaji programu mpya, mifumo ipo mingi na wauguzi wamechoka kujaza. Chukua kaunta buku. Kila siku mstari mmoja, zamu tatu: asubuhi, jioni, usiku. Andika jina la aliyepangwa. Andika aliyekuwepo kweli, awe wa serikali, wa mkataba, wa mradi, wa kujitolea au wa usafi. Asipokuwepo mwenye taaluma, chora mstari mwekundu. Mtu yuleyule akifanya zamu mbili mfululizo, zungushia jina lake. Mwisho wa mwezi hesabu mistari myekundu na miduara. Hizo namba mbili ndizo za kupeleka kwa mganga mkuu wa wilaya, na kutoka hapo mkoani.

Ukisema "tuna upungufu wa asilimia kadhaa ya ikama", kila wilaya inasema hivyo, kikao kinatikisa kichwa na kuendelea. Ukisema "mwezi Aprili usiku 11 zahanati hii haikuwa na mwenye taaluma, na usiku 14 mwingine muuguzi mmoja alitoka zamu akaingia zamu," mkuu wa kikao atauliza ni zahanati ipi. Swali hilo ndilo nililikosa miaka 22. Njia ya Shirika la Afya Duniani ya kupima watumishi kwa mzigo wa kazi, WISN, nchini kwetu imeshatumika na naipenda. Ila inataka takwimu za kazi zilizo sahihi, na chanzo chake ni huku chini, kwenye kalamu ya mtu wa zamu.

Kinara wa Kata:

Mzee nimekuelewa. Bado nataka yule mwenye duka achukuliwe hatua. Lakini nilikuwa sijafikiria kwamba watumishi wanne hawawezi kushika usiku na mchana hata wakiwa malaika. Nimepiga ile hesabu yako mara mbili kwenye simu nikidhani umekosea.

Mama Mjumbe:

Nawasalimu wote. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati yetu, nawakilisha wanawake. Sina mengi. Shule yangu ni darasa la saba, uzi huu nimesomewa na mwanangu, na yeye ndiye anayeandika.

Kamati yetu tunapitisha hela za dawa, mafuta, usafi. Hatujawahi kuuliza nani analala kituoni. Tulijua nesi yupo, basi. Tunamwita usiku, anakuja, tunasema ahsante. Huyu wa kwetu ana mtoto mdogo, na nimekumbuka kwamba anakuja na mtoto mgongoni. Sikuwahi kujiuliza ni kwa nini.

Nyumba yake bati mbili zimetoboka upande wa jikoni. Mafundi wapo hapa kijijini. Hilo halihitaji wilaya.

Nina swali kwa mzee: hilo daftari lishikwe na nani? Akilishika nesi mwenyewe, itakuwa kazi nyingine juu yake. Akilishika mganga mfawidhi, je, akiwa hayupo yeye atajichorea mstari mwekundu?

Mzee wa Ikama:

Mama, nakushukuru. Swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa vikaoni.

Lishikwe na kamati. Mlinzi yupo kila usiku na anajua nani alikuja. Mpeni yeye aweke alama ya usiku, mjumbe mmoja apite asubuhi mara mbili kwa wiki kujaza na kulinganisha na kitabu cha wagonjwa. Mwisho wa mwezi mfawidhi na mwenyekiti wa kamati wasaini wote wawili. Lisiwe la kumkamata mtu. Mwambieni nesi tangu mwanzo kwamba linaandikwa kwa ajili yake.

Mama Mjumbe:

Sawa. Kikao chetu ni Alhamisi. Kaunta buku kubwa nimeambiwa dukani ipo moja, nimemwambia aniwekee. Kalamu nyekundu hana, mwanangu ataileta ya shuleni.